Chungu Kisicho na Nyama: Mkahawa wa Mimea katika Miji ya Meru na Embu

Jamaa nyingi za pwani zina mtu wao bara. Kuna aliyehamishiwa Meru kwa kazi ya serikali, kuna binti aliyeolewa Embu, kuna kijana anayesoma Chuka, na kuna mfanyabiashara aliyekwenda kwa msimu mmoja akakaa miaka ishirini. Swali la kwanza ambalo mama humuuliza mwanawe kwa simu huwa ni lile lile: "Wala nini huko?" Na jibu, aghalabu, huwa ni maharagwe, chapati na sukuma wiki. Machinjio mengi ya nchi yetu yameajiri wachinjaji Waislamu tangu zamani. Lakini aketiye katika hoteli asiyoijua hana njia ya kujua yaliyopita jikoni, basi huiacha nyama akashika nafaka na mboga.

Katika hali hiyo huzuka wazo ambalo tunaona linastahili kupimwa kwa utulivu: jamaa moja ifungue mkahawa usiopika nyama kabisa, wala samaki, wala mayai, wala maziwa, mkahawa wa mimea mitupu. Si Nairobi wala Mombasa, bali katika mji wa kiasi kama Meru, Embu, Chuka au Runyenjes, ambako wateja hujuana kwa majina na habari ya chakula kibaya huvuka soko zima kabla ya adhuhuri. Je, mkahawa wa namna hiyo waweza kusimama na kulisha jamaa iliyouanzisha?

Tunasema mapema tunaloliamini. Waweza kusimama, kwa masharti mawili. La kwanza, uuze chakula ambacho mahali pale panakijua na kukiheshimu tayari. La pili, neno "hapana nyama" lichukuliwe kuwa amana, kama vile sisi tunavyolichukua neno "halali".

Nchi iliyojaa chakula cha mimea

Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na miji ya Meru na Embu imekaa katika miteremko yake ya kaskazini-mashariki na kusini-mashariki. Juu, palipo na baridi na mvua, hulimwa chai, kahawa, ndizi, viazi na nduma. Ukishuka kuelekea Tharaka na Mbeere, ardhi hukauka, na mashamba hugeuka kuwa ya mtama, mawele, kunde, pojo na mbaazi. Maembe na makadamia hupatikana kwa wingi, na mchele wa Mwea hulimwa katika kaunti jirani ya Kirinyaga. Ni nadra kupata mahali ambapo safari fupi ya matatu humkutanisha mnunuzi na vyakula vya baridi na vya joto kwa siku moja.

Hapa msomaji wa pwani atatabasamu. Mbaazi ambazo sisi huzila asubuhi na mahamri, na kuzihesabu kuwa chakula chetu wenyewe, nchini Kenya hulimwa zaidi katika ardhi kavu za mashariki: Ukambani, Mbeere na Tharaka. Mzazi anayehofu kwamba mwanawe amekwenda mahali pasipo na chakula cha kwao na afahamu kwamba mwanawe amekwenda shambani kwa chakula cha kwao. Kilichobaki nyuma ni nazi tu.

Vyakula vya wenyeji navyo havina haja ya kugeuzwa ili vitoshee mkahawa wa namna hii. Githeri, ambayo watu wa pwani huiita pure, ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mukimo hupondwa kwa viazi au ndizi pamoja na mahindi, maharagwe na majani mabichi kama ya maboga. Kuna nduma na viazi vitamu vya kuchemshwa, kuna uji wa wimbi, na kuna mboga za kienyeji: mchicha, mnavu, mgagani na majani ya kunde. Mwenye kufungua mkahawa wa mimea Meru haleti dini mpya ya chakula. Anachukua vyungu vilivyokuwepo, anaviweka mbele badala ya pembeni.

Heshima ya mgeni

Tatizo halimo katika ulimi, limo katika heshima. Katika nchi yetu yote, bara na pwani, nyama ndiyo alama ya kumkirimu mgeni. Kwa wenzetu wa bara ni nyama choma, na kwetu ni pilau na biriani. Mtu anayempeleka mwenzake wa biashara kula githeri huchelea kuonekana bahili. Na mboga za kienyeji, kwa muda mrefu, zilitazamwa na wengi kama chakula cha shida.

Mtazamo huo umeanza kubadilika. Tangu mwaka wa 2007 wataalamu wa Kenya, wakishirikiana na UNESCO, walifanya kazi ya kuorodhesha na kurudisha hadhi ya vyakula vya asili, na mwezi wa Desemba 2021 juhudi hiyo iliingizwa katika rejista ya kimataifa ya njia bora za kuhifadhi urithi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amekwisha kutumia miaka mingi kuzifanyia utafiti mboga hizo hizo ambazo watoto wa mjini walizionea haya. Siku hizi mnavu na mgagani huuzwa katika maduka makubwa na kuagizwa katika hoteli za heshima.

Lakini mwenye mkahawa asitegemee rejista ya kimataifa kumletea wateja. Ategemee vyakula vya mimea ambavyo wenyeji wenyewe wamevipa heshima. Mukimo huandaliwa harusini na katika mikutano ya posa; hakuna anayeupika kwa sababu amekosa nyama. Njahi, ile kunde nyeusi yenye mstari mweupe, katika jamii za mlimani ni chakula cha kumpa nguvu mzazi aliyejifungua. Basi sinia la mukimo, njahi, mboga mbili na kachumbari, likapangwa vizuri katika sahani safi na kuletwa na mtu mwenye bashasha, halimwaibishi mwenyeji mbele ya mgeni wake. Kinachomwaibisha ni sahani ya mboga iliyotupwa mezani kama adhabu.

Na lipo jambo la kuepuka. Mkahawa usiwahubirie watu. Kibandiko ukutani kinachomwambia mkulima wa Imenti kwamba amekosea maisha yake yote kwa kula mbuzi kitamfukuza yeye na jamaa zake. Sisi pia hatuna ruhusa ya kukiharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Mwenye mkahawa Mwislamu aweza kula nyama ya udhuhiya nyumbani kwake siku ya Idi, na kesho yake akapika mbaazi za wateja wake; hakuna mgongano. Chungu cha mkahawa ni ahadi kwa mteja, si fatwa.

Kinachobebwa kutoka pwani

Mombasa na Nairobi kuna mikahawa ya jamii za Kihindi isiyopika nyama, nayo imeishi miaka mingi. Huo ni ushahidi kwamba biashara hii yawezekana nchini. Hata hivyo, mikahawa hiyo ilisimama juu ya jamii kubwa ambayo tayari haili nyama kwa mila yake. Meru na Embu hakuna jamii ya idadi hiyo. Wapo Wasabato wengi wanaopendelea mlo wa mimea, wapo waliopewa shauri na daktari wapunguze nyama, wapo wanafunzi wa vyuo wanaohesabu kila shilingi, na wapo Waislamu walio safarini. Wote hao ni muhimu, lakini hawatoshi. Mkahawa utaishi kwa kumpata mtu wa kawaida mwenye njaa ambaye angeweza kula nyama mahali pengine, na akachagua kuja hapa kwa sababu chakula ni kitamu.

Hapo ndipo jamaa ya pwani ina kitu mkononi. Mapishi yetu ya kila siku, tukiyatazama vizuri, ni ya mimea kuliko tunavyodhani. Maharagwe ya nazi, kunde za nazi, pojo za nazi, mchicha wa nazi, muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, viazi karai, bhajia, kachori, mahamri yaliyokandwa kwa tui na iliki. Futari ya mwezi wa Ramadhani, ukiondoa sambusa za nyama na mchuzi wa samaki, karibu yote hutoka shambani. Mpishi wa pwani hajifunzi upya. Anachagua tu katika anayoyajua.

Nazi iliyokomaa, ikibaki na kifuu chake, hudumu kwa majuma mengi, na hivyo huivumilia safari ya takriban kilomita 700 kutoka pwani hadi Meru kupitia Nairobi. Ikunwe kwa mbuzi siku ile ile ya kupikwa na kuchujwa kwa kifumbu. Tui la pili, lile jepesi, ndilo la kupikia mbaazi mpaka zilainike; tui la kwanza hutiwa mwisho, kwa moto mdogo, huku likikorogwa lisikatike. Nazi zikipanda bei, makadamia za Embu zilizosagwa na kuchujwa kwa maji ya moto hutoa tui zito lisilo na harufu kali, lifaalo kwa mboga za majani. Mbaazi za Mbeere katika tui la Kilifi ni chakula ambacho kila upande utakitambua nusu yake na kukionea shauku nusu ya pili.

Suala la chai

Msomaji asiyeijua Meru atashangaa tukisema kwamba mtihani mgumu kuliko nyama ni maziwa. Eneo hili ni la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ushirika wa maziwa wa Meru ni miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika wa maziwa nchini. Chai kwa mwenyeji ni chai ya maziwa, asubuhi, saa nne na jioni. Hoteli isiyo na chai ya maziwa, kwake, ni kama msikiti usio na birika.

Jawabu si kumbishia mteja. Kuna wanaoamua kuwa mkahawa wao utaacha nyama, samaki na mayai tu, na kuruhusu maziwa ya chai katika sufuria yake peke yake. Hao na waseme hivyo wazi, wasijiite mkahawa wa mimea mitupu. Anayetaka mimea mitupu na aifanye chai ya rangi iwe kitu cha kutamaniwa. Chai ile ile ambayo mitaani huitwa strungi kwa dharau, ikachemshwa kwa tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai, hugeuka kuwa kinywaji cha barazani. Uji wa wimbi wenye limau au ukwaju utamshibisha asubuhi aliyekuja kwa ajili ya maziwa. Na asali ya Tharaka na Mbeere, ingawa ni tamu na ni halali, haihesabiwi kuwa mmea. Mwenye ahadi ya mimea mitupu atumie sukari au tende.

Amana ya chungu

Tufike katika sharti la pili, ambalo kwetu ndilo zito zaidi. Sisi Waislamu twajua uchungu wa kuuliza swali jikoni na kujibiwa kwa kicheko. Mtu akiuliza, "Nyama hii imechinjwa na nani?" hataki kusumbua. Anataka kujua kinachoingia tumboni mwake. Basi mtu anayeuliza, "Mchuzi huu una supu ya mifupa?" ameketi kiti kile kile tulichokikalia sisi. Haifai kumcheka, wala kumwambia kwamba ni kidogo tu.

Udanganyifu katika kazi hii huingia kwa mlango mdogo. Kuna vidonge vya kukoleza mchuzi vyenye ladha au mafuta ya ng'ombe na kuku. Lazima maandishi ya pakiti yasomwe. Kuna mafuta ya kukaangia yaliyotumika kwa samaki nyumbani jana usiku, yakaletwa kazini leo ili yasipotee. Kuna mwiko mmoja uliotoka katika chungu cha chakula cha wafanyakazi ukaingia katika chungu cha wateja. Kuna chapati zilizopakwa samli na mpishi mwema aliyetaka kuzilainisha. Hakuna hata mmoja aliyekusudia uovu, lakini mteja ameuziwa kisichokuwa alichoahidiwa.

Kwa hiyo kanuni ni nyepesi kuitamka na ngumu kuishika: kisichouzwa katika mkahawa kisipite mlangoni, hata kwa chakula cha mpishi mwenyewe. Vyombo viwe vya mkahawa tu. Na mteja akiuliza, ajibiwe kwa ukweli hata kama jibu litampoteza. Katika mji mdogo mteja aliyeambiwa, "Leo usichukue hiki, sina hakika nacho," hurudi, na huleta wengine. Aliyedanganywa mara moja hahitaji tangazo la redio kuwaambia ndugu zake.

Faida ya uaminifu huo yaenda mbali kuliko fedha. Meza isiyo na nyama ni meza ambayo Mwislamu, Msabato, Mkatoliki aliye katika Kwaresima na Mhindi mwenye duka la vitambaa huketi pamoja bila yeyote kumuuliza mwenzake swali la kwanza. Katika miji ambayo Waislamu ni wachache, jambo hilo si dogo.

Usalama na afya

Chakula cha mimea si salama kwa kuwa tu ni cha mimea. Mahindi yaliyovunwa na mvua yakahifadhiwa na unyevu huota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaugua watu 317 na kuwaua 125 miongoni mwao, wengi wakiwa wakaazi wa Makueni na Kitui, ambako mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa chakula. Aflatoksini haiondoki kwa kuchemshwa. Mwenye kuuza githeri, basi, ana dhamana ya roho za watu: anunue mahindi makavu yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, ayachambue punje kwa punje, na ayaweke juu ya ubao katika ghala lisilovuja. Mahindi ya bei ya kutupa yenye rangi ya kijani au harufu ya uvundo hayafai binadamu wala mifugo.

Maharagwe mekundu nayo yana sumu ya asili iitwayo lektini. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguzwa moto. Kuloweka huokoa kuni na makaa pia, na katika mkahawa wa nafaka kavu, moto ni gharama inayoshindana na kodi ya nyumba. Pojo na kunde huiva upesi. Ni busara kuzipika siku ambayo makaa yameadimika.

Mteja mwenye upungufu wa damu hufaidika na mboga za majani na jamii ya kunde, lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, ilhali limau, chungwa na nyanya husaidia. Kachumbari iliyokamuliwa limau iletwe na chakula, na chai ije baadaye. Na kwa familia inayotaka kuacha kabisa vyakula vya wanyama, tunakumbusha kwamba vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapate shauri la mhudumu wa afya. Kula mkahawani mara tatu kwa juma hakuleti hatari hiyo.

Hesabu za mji mdogo

Tuweke mfano wa hesabu, uwe mfano tu, kila mtu aujaze kwa bei za mahali pake. Tuseme sahani moja huuzwa shilingi 100, na vitu vilivyoingia ndani yake vimegharimu shilingi 40. Mkahawa hufunguliwa siku 26 kwa mwezi. Kodi ni shilingi 12,000, moto na maji 13,000, mishahara ya wafanyakazi wawili 34,000, na leseni, ukarabati na chakula kinachoharibika 6,000. Jumla ya gharama zisizopungua ni shilingi 65,000.

Wakiuza sahani 50 kwa siku, baada ya kutoa gharama ya vyakula hubaki shilingi 78,000. Wakilipa gharama zote, jamaa hubakiwa na 13,000. Wakiuza sahani 40, hubaki 62,400, nao wamepata hasara ya shilingi 2,600. Tofauti ya riziki na deni ni sahani kumi kwa siku. Hizo ni meza mbili na nusu za wateja wanne wanne. Ndiyo maana tunasisitiza ladha, usafi na ukweli. Si mapambo ya biashara. Ndizo sahani kumi zenyewe.

Mwenye kufungua mkahawa huko ajue pia fedha za mji zinatoka wapi na hupwaa lini. Maua na sehemu za Igembe huishi kwa miraa. Uingereza ilipoipiga marufuku miraa mwaka wa 2014, na Somalia ilipoifungia milango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, pigo lilianzia kwa mkulima likafika kwa kila anayemuuzia kitu. Imenti, Manyatta na Runyenjes hungojea malipo ya chai na kahawa, na wakulima wa chai hupata bonasi yao mara moja kwa mwaka, aghalabu karibu na mwezi wa Oktoba. Miji ya vyuo kama Chuka na Embu hupungua watu wakati wa likizo. Hapa chakula cha mimea kina nguvu ambayo nyama haina: fedha zikiadimika, watu huacha nyama kwanza, na githeri ndiyo wanayoikimbilia. Mkahawa wenye sinia la heshima kwa siku za bonasi na bakuli la bei nafuu kwa siku za ukame una miguu miwili.

Ununuzi nao una majira yake. Pojo na kunde huvunwa baada ya kila msimu wa mvua, wa masika na wa vuli. Mbaazi za muda mrefu zilizopandwa na mvua za vuli hukaa shambani hadi katikati ya mwaka unaofuata. Anayenunua gunia wakati wa mavuno na kulihifadhi katika mfuko usiopitisha hewa, ili fukusi wasilitoboe, hataitegemea bei ya soko la Gakoromone katika miezi ya uhaba.

Sheria na hatua za mwanzo

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula ni kazi ya serikali za kaunti. Mwenye mkahawa huhitaji kibali cha biashara cha kaunti, ukaguzi wa jengo na afisa wa afya ya umma, na kila anayegusa chakula huhitaji cheti cha afya baada ya kupimwa, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Choo, maji ya kutiririka na mahali pa kunawia mikono hutazamwa kabla ya kitu kingine. Ni vyema kumwendea afisa huyo kabla ya kulipa kodi ya jengo, na kumwonyesha mahali; atasema mapema kama jiko litakubaliwa.

Wala si lazima kuanza na jengo. Jamaa inayohamia Meru au Embu yaweza kuanza na chungu kimoja cha mbaazi za nazi na beseni la mahamri kila asubuhi, mahali panaporuhusiwa na kaunti, kwa msimu mzima wa mvua na msimu mzima wa kiangazi. Katika miezi hiyo watajua ni nani anayerudi, ni siku gani chakula hubaki, na nazi hupatikana kwa bei gani wakati barabara ni mbaya. Akina mama ambao wamepika chakula hiki nyumbani miaka yote, bila malipo na bila kutajwa, wawe ndio wenye sauti katika jambo hili, na sehemu yao katika faida iandikwe tangu siku ya kwanza. Biashara nyingi za jamaa huvunjika kwa hesabu zisizoandikwa baina ya ndugu, hata pale wateja wanapokuwa wengi.

Hatimaye, kwa wenzetu wanaobaki pwani na kupokea simu zile za kila juma: mkimtumia mwenu mzigo, tieni ndani nazi kumi na kifumbu kipya. Mbaazi atazipata huko huko aliko. Mwenyezi Mungu awabarikie wote wanaotafuta riziki iliyo safi, na aijaalie kila sahani iwatoshe wanaoila na wanaoiuza.